Je, wajua kwa nini oili nzuri ya gari inaweza kuifanya pikipiki ishindwe mlima?

Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Tabora iko karibu mita 1,200. Kwa hiyo anayerudi Tabora kutoka Kigoma kwa pikipiki anapanda, hata pale barabara inapoonekana tambarare. Mimi nililijua hilo kwa shida. Nilitoka Mwanga, Kigoma mjini, saa 12 asubuhi, mabegi mawili ubavuni, dumu la mawese la lita 5 nyuma, na dagaa wa kupeleka nyumbani. Kwenye mpando wa kwanza mkali nikavuta mafuta. Injini ikalia juu, mshale wa mizunguko ukaruka, lakini mwendo ukabaki palepale. Nikashusha gia, hali ileile. Kisha ikaja harufu ya kitu kinachoungua, harufu kavu inayokaa kooni.

Fundi niliyempata alibonyeza mkono wa klachi mara mbili, akauachia, akaniuliza swali moja tu: "Kaka, humu umeweka oili gani?" Nikamjibu bila wasiwasi kwamba ni oili ya gari, sintetiki, tena ya bei, nimeinunua makusudi kwa ajili ya safari hii.

"Basi hiyo ndiyo iliyokuponza."

Nilikuwa nimeendesha pikipiki miaka mingi nikiamini kwamba oili ni oili, na kwamba ya bei kubwa haiwezi kudhuru. Kumbe jibu liko ndani ya chuma chenyewe.

Kwenye gari la kawaida la gia za mkono, oili ya injini inabaki kwenye injini. Giaboksi ina oili yake, na klachi iko katikati, kavu kabisa. Oili ikiifikia, hiyo ni hitilafu. Pikipiki nyingi si hivyo. Injini, giaboksi na klachi vinakaa kwenye boma moja na kuogelea kwenye oili moja. Lita moja au moja na nusu inalazimika kufanya kazi tatu ambazo hazipatani. Pistoni inataka utelezi. Gia zinataka oili isiyokatika meno yake yanapoisaga. Klachi inataka kushika.

Zipo zinazojitenga. Harley-Davidson kubwa zina oili ya injini, ya klachi na ya gia, kila moja na chumba chake. BMW R 1200 GS zilizotoka kabla ya 2013 zina klachi kavu kama gari. Skuta za mkanda nazo klachi yao haiko kwenye oili. Lakini bodaboda karibu zote unazoziona Tabora na Kigoma, pamoja na pikipiki nyingi za Kijapani na za Kihindi za safari ndefu, ni za chumba kimoja.

Sasa itazame klachi yenyewe kwa karibu. Ni rundo la pleti za duara. Moja imebandikwa utando mgumu unaofanana na kizibo au karatasi nene, inayofuata ni chuma kitupu, halafu yenye utando tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Springi zinazibana pamoja. Ukiachia mkono wa klachi, springi zinaikamua oili iliyo katikati, pleti zinagandana, na nguvu ya injini inafika kwenye gia. Oili ya kawaida hukamuka vizuri.

Oili nyingi nyepesi za magari ya kisasa zinatiwa dawa ya kupunguza msuguano, ili gari litumie petroli kidogo. Dawa hiyo haikamuki. Inajishika kwenye uso wa chuma na wa utando, ikabaki hapo hata pleti zikibanwa. Mpini wa jembe ukilowa maji bado unalima. Upake mlenda uone kama jembe halijakutoka mkononi. Ndicho kilichonipata pale mlimani: barabara tambarare ilihitaji nguvu kidogo na pleti zikashika, lakini mpando na mzigo vilipodai nguvu zaidi, zikateleza. Zikiteleza zinapata joto, zikipata joto zinang'aa, na zikishang'aa zinateleza zaidi.

Watengenezaji wa Japani waliliona tatizo hili magari yalipoanza kuhamia oili nyepesi za kubana mafuta. Mwaka 1998 kikatoka kiwango cha JASO T 903 (JASO ni shirika la Japani la viwango vya magari), mahususi kwa oili za pikipiki za mipigo minne. Oili inapimwa kwenye mashine yenye pleti za klachi, wanaangalia inashika kiasi gani na inachukua muda gani kusimama. Inayoshika inapewa MA. Siku hizi MA imegawanyika, na MA2 ndiyo inayoshika zaidi ya MA1. Inayoteleza inapewa MB, nayo ni ya skuta na nyingine ambazo klachi yao haimo kwenye oili. Kwa hiyo MB si oili mbaya. Ni oili ya mashine nyingine.

Ukifika duka la spea, geuza kopo usome nyuma. Picha ya pikipiki iliyo mbele haithibitishi kitu. Tafuta kisanduku kidogo chenye neno JASO na MA au MA2, na mfululizo wa herufi na namba juu yake. Kisha tafuta duara la API, alama ya taasisi ya petroli ya Marekani. Ukiona sehemu ya chini ya duara hilo imeandikwa "Energy Conserving" au "Resource Conserving", rudisha kopo kwenye shelfu. Maneno hayo ni sifa kwa gari, lakini kwa klachi yako ni onyo, na vitabu vya Honda vinaikataza oili hiyo waziwazi.

Hapa lazima niwe mkweli, maana kuna wasomaji watakaosema wametumia oili ya gari ya 20W-50 miaka kumi na klachi haijateleza. Wanasema kweli. Maandishi hayo ya kubana mafuta huwekwa kwenye oili nyepesi, kama 5W-30, 0W-20 au 10W-30. Oili nzito za gari nyingi hazina dawa nyingi ya aina hiyo. Lakini hakuna aliyezipima kwa ajili ya klachi yako, unabahatisha. Na sintetiki nayo isisingiziwe. Watu wengi wakisikia habari yangu wanasema "sintetiki inatelezesha klachi". Sivyo. Sintetiki yenye MA2 inashika kama nyingine yoyote. Kinachotelezesha ni dawa iliyoongezwa.

Kuhusu namba hizo za kwenye kopo, watu wanaumiza kichwa kuliko inavyostahili. Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotembea wakati wa baridi, na baridi inayopimwa hapo ni ya nchi za theluji. Asubuhi ya Julai Tabora haifiki huko hata kidogo. Namba ya pili ndiyo yetu: uzito wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100, ambalo injini ya kupozwa kwa upepo hulifikia bila taabu. Fuata kitabu cha pikipiki yako. Honda Africa Twin ya CRF1000L imeandikiwa 10W-30 yenye MA, na Royal Enfield Himalayan ya cc 411 imeandikiwa 15W-50, ingawa zote ni za safari na zinaweza kupita barabara moja ya Urambo. Hakuna oili moja ya "pikipiki za masafa". Na ile "namba 40" ya kwenye madumu, ikishapata moto, uzito wake ni sawa na wa 10W-40. Tatizo ni kwamba asubuhi inachelewa kupanda juu, na mara nyingi imetengenezwa kwa ajili ya lori la dizeli. Porini kusipo na nyingine itakufikisha, ila ukifika imwage.

Linalonigusa zaidi ni kazi ya tatu, ile ya gia, kwa sababu hailalamikiwi na mtu. Oili yenye namba mbili, kama 10W-40, ndani yake ina molekuli ndefu mfano wa nyuzi. Zikiwa baridi hujikunja, zikipata joto hujikunjua na kuizuia oili isiwe maji. Meno ya gia yanazisaga kama mchi kwenye kinu, nyuzi zinakatika vipande, na 40 uliyonunua inashuka kuelekea 30 ingali kwenye injini. Utajua kwa mguu kabla ya kujua kwa macho: gia zinaanza kuwa ngumu, fri haipatikani ukisimama. Rangi isikudanganye. Oili nzuri inayosafisha inaweza kuwa nyeusi mapema kwa sababu imebeba masizi, na iliyokwisha nguvu inaweza kubaki na rangi ya chai. Mimi namwaga kila kilomita 2,000, na siondoki Tabora kwenda Kigoma na kurudi kwa oili iliyokwisha nusu ya umri wake.

Sasa filta. Bodaboda nyingi za cc 125 zimerithi injini ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, na injini ile haina filta ya karatasi. Ina wavu wa chuma chini na kikombe kinachozunguka pamoja na kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Kikombe kile kinarusha uchafu mzito ukutani kwake, unaganda humo mweusi, mzito kama ugali. Kazi nzuri sana, ila hauondoki kwa kumwaga oili. Lazima kava ya klachi ifunguliwe. Ukiifungua kwa sababu nyingine yoyote, safisha na kikombe.

Pikipiki kubwa zina filta ya karatasi, na hapa kosa la oili linajirudia kwa sura nyingine. Filta nyingi za kufunga kwa kuzungusha kwenye pikipiki za Kijapani zina uzi wa M20 x 1.5, na zipo filta za magari zenye uzi huohuo. Zinaingia na kukaza vizuri. Lakini upana wa raba huenda si ule, na ndani ya filta kuna mlango wenye springi unaofunguka karatasi ikiziba, ili injini isikose oili. Springi ya gari haikupangwa kwa pampu ya pikipiki yako. Ukibadilisha, pitisha kidole kwenye boma uhakikishe raba ya zamani haikubaki. Raba mbili zikikutana zinavuja, na oili inaishia kwenye tairi la nyuma. Baadhi ya Honda za silinda moja zina filta ndogo ya karatasi iliyoandikwa "OUT-SIDE". Maandishi hayo yatazame nje. Ukiigeuza, njia ya oili inaziba na injini inanoki.

Na filta ya oili haiwezi kuokoa injini ambayo filta yake ya hewa imechoka. Safari ile, vipande vya barabara vilikuwa bado udongo, na vumbi lile jekundu lina chembe za mchanga zinazopita kwenye ringi hadi kwenye oili. Nyingine ni ndogo kuliko matundu ya karatasi, zinazunguka humo na kusaga hadi utakapomwaga.

Fundi wa Kigoma alimwaga ile oili, akatia ya MA. Mizigo niliipakia kwenye basi, nikaendesha taratibu. Klachi haikuteleza kama mwanzo, lakini bado iliteleza. Tabora nikampelekea fundi wangu, mzee mmoja asiyependa kukisia. Kabla ya kugusa klachi aliikata filta kwa msumeno, akaikunjua karatasi juu ya gazeti, akapitisha sumaku. Chenga zikishikwa na sumaku ni chuma, za gia au za kranki. Ziking'aa na zisishikwe, mara nyingi ni aluminiamu, na hapo muogope pistoni. Sumaku ilitoka tupu. Kwenye karatasi kulikuwa na unga mweusi laini tu, unaochafua kidole.

"Injini nzima," akasema. "Hizi ni pleti."

Alipofungua, pleti za utando ziling'aa kama sakafu iliyopigwa nta, na za chuma zilikuwa na madoa ya buluu ya joto. Mpya hakuzifunga siku ileile. Alizilaza usiku kucha kwenye beseni la oili ya MA2, maana utando ukifungwa mkavu unaungua mara ya kwanza tu ukiachia klachi. Kesho yake nikatoka nayo barabara ya Urambo, nikaweka gia ya nne, nikavuta mafuta yote. Mishale miwili, wa mizunguko na wa mwendo, ikapanda pamoja.