John Wooden: misimu 15 bila taji, kisha ukabaji wa 2-2-1

Anayemzungumzia John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu, huanza na mataji 10 ya UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) kati ya 1964 na 1975. Kwa maoni yangu, kocha anayejifunza kazi atafaidika zaidi akiitazama misimu 15 ya mwanzo, ambayo haikuleta taji la taifa hata moja. Wooden, aliyewahi kuwa mwalimu wa Kiingereza na kocha wa sekondari, alifika Los Angeles mwaka 1948 akitokea chuo cha Indiana State. Timu ilifanya mazoezi katika ukumbi mmoja na wanamieleka na wanajimnastiki, na kocha mwenyewe alishika dekio kusafisha sakafu kabla ya kuanza.

Tatizo lake kubwa uwanjani lilikuwa kasi. Saa ya kurusha, inayoilazimisha timu kurusha mpira kikapuni ndani ya sekunde maalumu, haikuwepo katika kikapu cha wanaume cha vyuo vya Marekani hadi msimu wa 1985-86, kwa hiyo timu yenye warefu iliweza kutembeza pasi taratibu mpaka nafasi ipatikane. Kikosi cha 1963-64 hakikuwa na mchezaji wa kuanza aliyezidi futi 6 na inchi 5. Msaidizi wake, Jerry Norman, alimshawishi akabe uwanja mzima kwa kanda, yaani kila mchezaji akilinda eneo lake, kwa mpangilio wa 2-2-1: wawili mbele, wawili nyuma yao na mmoja wa mwisho.

Wengi hudhani ukabaji huu ulikuwa wa kupora mpira. Kupora kulitokea, ila Wooden alitaka hasa kumlazimisha mpinzani acheze haraka kuliko alivyozoea. Unavyofanya kazi: pasi ya kwanza ya kuingiza mpira inaachwa ipokewe. Wawili wa mbele wanaziba katikati na kumsukumia mdundaji pembeni. Kabla hajavuka mstari wa kati (ana sekunde 10 tu), mlinzi wa mbele na yule wa safu ya pili wa upande huo wanamfungia kwenye mstari wa pembeni. Wenzao wa upande wa pili wanasogea katikati, na wa tano, kazi ya Keith Erickson katika kikosi hicho, anavizia pasi ndefu. Mpira unaotupwa juu ya mikono minne huelea, na mpira unaoelea unakamatika.

Huharibika kwa sababu chache zinazojirudia. Anayefungia ananyoosha mkono kupokonya, anapigiwa faulo. Miguu ndiyo inayofunga, mikono inakaa juu. Wa mbele anapitwa kwa ndani, kanda nzima inapasuka. Wa nyuma anaondoka mapema, kikapu kinabaki wazi. Kosa baya kuliko yote ni la kocha: kuuacha ukabaji baada ya dakika 5 kwa kuwa haujaleta kitu. Matunda yake huja kwa mkupuo. Fainali ya 1964 wapinzani, Chuo Kikuu cha Duke, walikuwa na warefu wawili wa futi 6 na inchi 10, lakini UCLA walifunga pointi 16 mfululizo katika muda wa takriban dakika 2 na nusu, wakashinda 98-83 na kumaliza msimu 30-0, yaani bila kupoteza mchezo.

Ukabaji wa namna hii unahitaji pumzi, na pumzi aliijenga ndani ya mazoezi yenyewe, yaliyochukua kama saa 2. Kila zoezi aliliandikia dakika zake kwenye kadi ndogo, na kadi hizo alizitunza ili alinganishe mwaka kwa mwaka. Dakika zikiisha, timu ilihamia zoezi jingine hata kama la kwanza halijakaa sawa, lingerudi kesho. Hapa ndipo makocha wengi hukwama, wakirefusha zoezi moja kwa hasira mpaka miguu ichoke na kosa ligeuke mazoea.

Msimu wake wa mwisho, 1974-75, wanasaikolojia Roland Tharp na Ronald Gallimore walikaa pembeni wakirekodi kila alichosema mazoezini. Takriban robo tatu ya maneno yake yalikuwa maelekezo ya nini kifanyike na vipi. Sifa hazikufika asilimia 7. Mchezaji akikosea, alimwonyesha namna sahihi, kisha alivyokosea, kisha tena namna sahihi. Yote hayo kwa sekunde chache, na mpira ukaendelea.