Kabare siyo kuvua nguo, jamani

Nimechoka kuulizwa. Kila nikiomba ukumbi hapa Dodoma nikataja kabare, yaani shoo ya vipande vifupi vya nyimbo, mashairi na vichekesho watu wakiwa mezani, mwenye ukumbi anabadilika sura, eti hao wadada watavaa nini. Wiki hii nimeulizwa tena, sasa naandika niwe natuma linki tu.

Mfaransa wa zamani alikuwa akisema kabare anamaanisha sehemu ya kunywa mvinyo na kula, basi, na mpaka leo Mrundi akikwambia yuko kabare ujue yuko na bia yake mezani. Shoo zilikuja baadaye. 1881 Rodolphe Salis akafungua Le Chat Noir kule Montmartre, Paris, washairi na waimbaji wanawapiga vijembe wakubwa, Salis mwenyewe anachombeza wateja. Moulin Rouge, kabare nyingine ya Paris, ni ya 1889, hiyo ndo watu wameiona kwenye sinema wakadhani ndo yote. Kuna kabare za kuvua, sikatai, lakini hilo ni tawi moja tu! Wajerumani waliifanya ya siasa, mchekeshaji Werner Finck alikuwa anawatania Wanazi pale Berlin mpaka 1935 wakafunga kabare yake, Die Katakombe, na yeye wakampeleka kambi ya mateso, kwa maneno tu.

Sasa kinachoniudhi zaidi ni viti. Unakubaliwa ukumbi, unafika unakuta viti vya plastiki vimepangwa mistari kama mkutano wa hadhara, meza zimerundikwa nje. Hapo kabare imeshakufa. Mtu anatakiwa akae mezani na wenzake, glasi mbele yake, msanii asimame karibu kiasi kwamba anakuona unamimina na ukiropoka anakujibu. Ndo maana mpiga zeze wa Kigogo anafaa sana humu, zeze sauti yake ndogo, ukimpandisha jukwaa kubwa na maspika yale unasikia mngurumo tu, ila mweke katikati ya meza, waambie wahudumu wasifungue soda kwa hizo dakika nne, utasikia mpaka upinde unavyokwaruza uzi na yeye anavyovuta pumzi kabla ya kuimba.

Halafu MC. Vipande ni vifupi, wimbo, shairi, kichekesho, kwa hiyo anayeviunganisha ndo roho ya shoo, lazima awe na la kusema kuhusu mji huu, maji, viwanja, wageni wa Bungeni. MC wa kupiga kelele "makofi tafadhali" simtaki.

Ninapokwama ni taarab. Kuna meza, kuna mipasho, watu wanainuka kutunza, mtu analengwa na anajijua kabisa kwamba ni yeye. Siku nyingine nasema hii ni kabare yetu, halafu nawaza, mbona kijembe chote kiko ndani ya wimbo na hakuna anayeongea na meza katikati ya nyimbo? Bado sijaamua. Watu wa Tanga na Zanzibar mnaonaje?