Uanahabari wa amani si kunyamaza

Wiki jana barazani, karibu na Mkunguni hapa Lamu, kijana aliyetoka mafunzo ya waandishi alituambia amefundishwa "uanahabari wa amani": ukiona jambo litaleta fitina, usiliandike. Si mara ya kwanza kuisikia tafsiri hiyo, na safari hii nimeshindwa kuiacha ipite.

Dhana yenyewe ni fupi. Ni kuripoti mzozo kwa kutazama chanzo chake, wote unaowagusa na njia za kuutatua, badala ya kuhesabu maiti na kutangaza nani kashinda. Aliyeiasisi ni Johan Galtung, msomi wa Norway.

Kinachoniuma ni neno "amani" kugeuzwa kuwa na maana ya kunyamaza. Tumelipata kwa Kiarabu, na ndugu zake tunao midomoni kila siku: amini, imani, amana, mwaminifu. Shina lao ni moja, la usalama na kutegemeana. Amana humwekea mtu ukijua utaikuta kama ulivyoiacha. Habari nayo ni amana ya watu. Mwandishi akiificha nusu, waliokuwapo wanajua kilichofichwa. Watakachokosa ni imani kwake, na uvumi utaingia pale alipoacha wazi.

Chukua Mpeketoni, mji wa upande wa bara katika kaunti yetu hii ya Lamu. Juni 2014 waliuawa watu zaidi ya 60 huko na vijiji vya jirani. Al-Shabaab walisema ni wao; Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akasema ni mitandao ya siasa za hapa hapa. Ukiishia kwenye ubishi huo hujaripoti mzozo. Kuna suala la ardhi: skimu ya makazi ya Ziwa Kenyatta, ya miaka ya 1970, ambapo serikali iliwagawia ardhi watu waliotoka sehemu nyingine za nchi, na wenyeji wengi ambao mpaka leo hawana hati. Kuna amri ya kutotoka usiku iliyofuata, wavuvi wakakatazwa bahari ya usiku, na kwa nyumba nyingi za visiwani humu usiku ndio kazi. Na kuna mjane wa Mpeketoni, ambaye maswali yake hayafanani na ya mvuvi. Yote haya yanauma kuandikwa, na ndiyo hasa uanahabari wa amani unayotaka yaandikwe, kwa maneno yasiyoifanya jamii nzima ya jirani kuwa adui.

Yule kijana nia yake ni njema, nami sikumkatiza. Ila namwomba, akiwafunza wenzake, badala ya "msiandike" awaambie "rudini mkaulize zaidi," kwa mjane na kwa mvuvi.