Moyo unakwenda mbio: nifanye mazoezi au nikae?

Kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi vya Unguja na Pemba hujaa barabarani alfajiri, na siku chache baadaye maswali haya huanza kumiminika. Wanaouliza wengi wameshaambiwa na daktari kuwa mapigo yao yako juu. Wengine wanausikia tu moyo ukigonga usiku wakilalia ubavu wa kushoto. Nimekusanya yanayojirudia. Na niseme mapema: wanaokimbia kupita kiasi wananitia wasiwasi, lakini wanaoniuma zaidi ni wale walioacha hata kwenda sokoni kwa miguu kwa hofu.

Mapigo yakifika mangapi ndiyo yanahesabiwa kuwa ya haraka?

Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Yakizidi 100 naye amekaa kitako, hayo ni ya haraka. Ila ujipime sawasawa. Usipime umetoka kupanda ngazi, wala umemaliza vikombe viwili vya kahawa barazani. Kaa dakika kumi kwanza. Geuza kiganja juu, weka ncha za kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, bonyeza kidogo tu mpaka uusikie mshipa. Usipimie dole gumba, maana nalo lina mpigo wake na utahesabu usichokusudia. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili. Ukisikia mapigo hayana mpangilio, mawili yamefuatana kisha moja likakosekana, hesabu dakika nzima na uandike hivyo hivyo. Fanya hivi kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani, siku saba. Daktari atafurahi kuliona daftari hilo kuliko kusikia “moyo unanienda mbio” peke yake.

Nina miaka 52, mapigo yangu hayashuki chini ya 104. Binti yangu kanifundisha kutoa umri kwenye 220. Niifuate hesabu hiyo?

Mama yangu, tuifanye pamoja. 220 toa 52 inabaki 168. Mazoezi ya wastani huwa kati ya nusu ya hapo na asilimia 70, yaani kama 84 hadi 118. Sasa tazama: wewe umekaa tu na tayari una 104. Kwa hesabu hiyo uko mazoezini na hata viatu hujavaa. Ndiyo maana kwa mtu wa hali yako namba hii haitoshi kuwa kiongozi, na kiwango chako akupangie daktari baada ya kukupima.

Kiongozi mzuri ni pumzi. Ukitembea huku unaweza kumsimulia mwenzako jambo kwa sentensi nzima, lakini kuimba huwezi, hapo ndipo penye mazoezi ya wastani. Maneno yakianza kukatika, punguza mwendo. Anza na dakika kumi mahali tambarare, uwanja wa Maisara kwa mfano, si mlimani. Wiki ikipita salama ongeza dakika tano. Dakika tano za mwanzo ziwe za mwendo wa polepole, na za mwisho vilevile. Usisimame ghafla: damu hubaki miguuni, ukapata kisunzi, na moyo ukazidi kukimbia kuifidia.

Lazima nimwone daktari kwanza?

Ndiyo, na hapa sina kulegeza. Moyo kwenda mbio ni dalili, na kila sababu ina dawa yake. Upungufu wa damu ni sababu kubwa kwa wanawake wenye hedhi nzito na kwa wajawazito, na minyoo ya safura huuleta pia. Tezi ya thairoidi shingoni ikizidisha kazi, mtu hukonda huku anakula, mikono ikatetemeka, na mazoezi mazito kabla ya matibabu yanaweza kumdhuru. Kuna valvu, yaani milango ya moyo, zilizoharibika kutokana na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa. Kuna hitilafu ya umeme wa moyo wenyewe. Kuna dawa ya kuvuta ya pumu, sigara, vinywaji vya kuongeza nguvu, na wasiwasi. Kipimo cha umeme wa moyo na cha damu hufungua mlango. Anza kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wakiona haja watakupeleka mbele, hospitali ya Mnazi Mmoja kwa wa Unguja, ya Abdalla Mzee kwa wa Pemba. Baadhi hufikishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Ukiwa na homa, siku hiyo hakuna mazoezi. Hata mwenye moyo mzima.

Nalima mwani Jambiani. Nikinyanyua gunia la mwani mbichi moyo kama unataka kutoka. Nifanye mazoezi gani?

Dada, siku za bamvua mazoezi unayo tayari, tena mazito. Usijiongezee mbio jioni yake. Kinachokuchosha hapo ni vitu vitatu kwa pamoja: jua la kichwani, kuinama muda mrefu ukasimama ghafla, na kubana pumzi wakati wa kunyanyua. Hicho cha tatu ndicho unachoweza kukibadili leo. Pumua nje unaponyanyua, kama unayepuliza jiko. Jaza gunia nusu, uende safari mbili, au mshikane na mwenzako. Ukiinuka, inuka kwa hatua, magoti kwanza. Chupa ya maji ya kunywa ifungwe kwenye ngalawa au kigingi, isiachwe ufukweni. Na moyo ukikimbia usiingie maji ya kina peke yako. Kuzimia nchi kavu mtu huinuka, majini ni jambo jingine.

Na msimu wa joto? Na Ramadhani?

Disemba hadi Februari, kaskazi ikivuma, jasho halikauki, na moyo hulazimika kusukuma damu zaidi kwenye ngozi ili mwili upoe. Mwendo uliokuwa mwepesi Julai utakuwa mzito Januari. Toka baada ya alfajiri au jua likielekea kuzama. Ramadhani, mwili uliokaukiwa maji mapigo yake hupanda yenyewe, kwa hiyo usitembee kwa kasi kabla ya kufuturu. Futuru, subiri saa moja au mbili, ndipo utembee taratibu. Kunywa maji kidogo kidogo mpaka daku. Saa za dawa zipangwe na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Nimepewa propranololi. Sasa mapigo hayapandi hata nikienda kasi. Niongeze mwendo?

Hapana. Dawa hiyo, na ndugu zake atenololi na bisoprololi, huushika moyo usipande. Fuata pumzi. Na usiikatize ghafla kwa kuona umepona, moyo unaweza kurudi na kishindo.

Kikundi chetu hukimbia pamoja kwa wimbo. Naona haya kubaki nyuma.

Najua. Wimbo unabeba, na mtu hapendi kuonekana mnyonge. Lakini mwambie kiongozi wako ukweli kabla hamjaondoka, siyo katikati ya njia, na muombe mtu mmoja atembee nawe nyuma. Huyo ajue dalili hizi: maumivu au kubanwa kifua, kuzimia au kukaribia kuzimia, pumzi isiyorudi, mapigo yanayoruka ovyo, au moyo ambao baada ya kupumzika dakika kumi bado unakimbia vilevile. Likitokea moja kati ya haya, mazoezi yamekwisha. Kaeni kivulini, na maumivu ya kifua au kuzimia kupelekwe hospitali muda uleule, hata kama mtu ameinuka akasema hajambo. Kuzimia katikati ya mazoezi hakusubiri kesho. Na ikiwa kwenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, mwambie daktari siku ya kwanza kabisa, hata asipokuuliza.