Umati wa mkutano hauamui mshindi wa wadi

Kila msimu wa kampeni Nairobi, watu humtabiri mwakilishi wadi kwa kuhesabu vichwa: aliyejaza uwanja ameshinda. Sivyo. Jiji lina wadi 85, nyingi zimebanana. Umoja I imepakana na Umoja II. Kijana anayeshangilia huku huenda kura yake iko kule, au iko ushago, au hajajiandikisha kabisa. Wengine hufuata msafara huu asubuhi na wa mpinzani jioni, mradi kuna kitu kidogo.

Hicho kitu kidogo kinaniudhi, maana watu hukiona kama desturi. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza hongo kwa mtoaji na mpokeaji: faini hadi shilingi milioni 2, kifungo hadi miaka 6, au vyote viwili.

Ukitaka kukadiria vizuri, anza na idadi ya wagombea. Sharti la kupita nusu ya kura ni la rais. Wadi humwendea anayewazidi wenzake, hata kwa robo ya kura. Kinyang'anyiro kikiwa na wagombea kumi, mtu asiye na vipaza sauti lakini mwenye wafuasi waliojiandikisha mitaa michache anaweza kuwapita wote. Tazama pia nani ana mawakala katika kila kituo.