Kurejesha modeli ya zamani ya plastiki: maana yake

Kurejesha modeli ya zamani ni kuichukua ndege, meli au gari dogo la plastiki lililochakaa na kulirudisha katika hali aliyoikusudia mtengenezaji wake, ikiwa ni pamoja na kuunda upya vipande vilivyopotea. Hapo ndipo kazi hii inapoachana na ukarabati wa kawaida. Ukitia gurudumu la modeli nyingine, ndege itasimama, lakini kama umbo na kipimo chake si vile vya awali, bado hujairejesha.

Jambo la kwanza ni kuijua plastiki yenyewe. Nchini Uingereza, kampuni ya Frog ilianza kuuza seti za ndege (vipande vya kuunganisha mwenyewe) za jina la Penguin mwaka 1936, kwa kipimo cha 1/72, yaani kila sentimita moja ya modeli ni sentimita 72 za ndege halisi. Zilitengenezwa kwa selulosi asetati, plastiki ambayo hupinda na kujikunja kadiri miaka inavyokwenda. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nafasi yake ikachukuliwa na polistareni, aina nyingine ya plastiki. Ndiyo iliyotumika kwa meli ya Golden Hind ya kampuni ya Airfix ya mwaka 1952 na ndege yao ya kivita ya Spitfire ya mwaka uliofuata, na ndiyo utakayoikuta katika seti nyingi za zamani.

Gundi ya polistareni haifanyi kazi kwa kunata. Inayeyusha kidogo nyuso mbili, zinachanganyika, kisha kiyeyushi kilichomo kwenye gundi kinaruka hewani na kuacha kipande kimoja. Ndiyo maana kiungo cha zamani kilichogundishwa vizuri ni kigumu kukifungua. Wengi huiweka modeli kwenye friza usiku kucha, kwa kuwa mara nyingi baridi hufanya gundi ikatike kirahisi, ndipo wanapopenyeza kisu chembamba taratibu. Rangi ya zamani huondolewa kwa mafuta ya breki, baada ya kujaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Thina ya rangi za magari iweke mbali kabisa: itakula plastiki pamoja na rangi.

Vipande vidogo hupotea kwa sababu ndivyo vyembamba zaidi: antena, mitutu ya bunduki, vishikio vya ngazi za meli. Dawa yake mara nyingi imo ndani ya boksi lenyewe. Ile fremu ya plastiki inayobeba vipande kabla ya kukatwa, ambayo wengi huitupa, ni polistareni ileile. Kata kijiti chake, kizungushe juu ya mwali wa mshumaa bila kukigusisha moto, mpaka katikati kianze kulegea na kung'aa. Kitoe motoni, kisha vuta ncha mbili. Ukivuta polepole unapata fito ya mlingoti. Ukivuta haraka unapata uzi mwembamba kama unywele. Kishikilie kimenyooka mpaka kipoe. Uzi huo unashika kwa gundi ileile ya modeli, na hapo ndipo unapoushinda waya wa chuma.

Kipande chenye umbo, kama gurudumu, kinahitaji njia nyingine. Likibaki gurudumu moja kati ya mawili, limwagie silikoni ili upate kalibu, kisha mimina ndani yake rezini, plastiki ya majimaji inayoganda. Rezini ikiganda, unapata nakala yenye hata alama za tairi. Ila gundi ya polistareni haiishiki rezini. Tumia supagluu au gundi ya epoksi. Kwa kioo cha rubani kilichopotea, umbo lake huchongwa kwanza kwa mti, kisha plastiki angavu hupashwa moto na kubanwa juu yake. Chupa ya soda inatosha kwa kazi hiyo.

Magari ya zamani yana adui wake. Tairi laini za vinili hutoa mafuta yanayoyeyusha polistareni iliyogusana nazo, kwa hiyo rimu na vioo huharibika vikiwa ndani ya boksi lililofungwa. Ukifungua seti ya namna hiyo, tenga tairi kabla ya jambo lingine lolote.

Stika za maji, yaani alama zinazoloweshwa kisha kubandikwa kwenye modeli, zikigeuka njano zinaweza kuokolewa. Zitie kwenye mfuko angavu, uubandike kwenye dirisha lenye jua, umanjano utafifia kwa siku au wiki kadhaa. Zikiwa zimekauka sana zitapasuka majini, kwa hiyo zipake kwanza vanishi angavu.

Linalonisikitisha ni kuona watu wakisugua kwa msasa ribiti kubwa (vinundu vinavyoiga misumari ya mabati) zilizojaa kwenye mabawa ya seti nyingi za miaka ya 1960, kwa sababu haziendani na ndege halisi. Ni kweli ni kubwa mno, lakini ndizo zinazoonyesha jinsi kalibu zilivyochongwa enzi hizo, na zikishaondoka hazirudi. Anayetaka ndege laini anunue seti mpya. Vipande vya asili vilivyovunjika navyo vitunzwe kwenye boksi, na vile vipya viorodheshwe kwenye karatasi ya maelekezo, ili atakayeinunua kesho ajue kipi ni cha kiwandani na kipi kimetoka mezani kwako.