Kokeini na Dawa ya Safari Zina Uzito Mmoja

Malalamiko yanayotufikia maabara, tunakopima sampuli za dawa za kulevya, siku hizi yanafanana: "Mashine si imeshapima, mnasubiri nini?" Makala haya hayahusu shauri lolote lililoko mahakamani. Lakini tuelewane.

Mashine inayosemwa, spektromita ya tungamo, hupima tungamo, yaani uzito, wa ayoni: molekuli iliyopewa chaji ya umeme. Sasa chukua kokeini: kaboni 17, hidrojeni 21, nitrojeni 1, oksijeni 4. Skopolamini, dawa ya wanaochafukwa na moyo safarini, iliyomo pia kwenye mnanaha, ina hesabu hiyo hiyo, haipungui atomu. Uzito wa molekuli, zote ni 303. Kwa mzani peke yake, mbeba unga na abiria aliyemeza dawa kabla ya kupanda boti ya Zanzibar hawana tofauti.

Ndipo tunapotazama umbo. Ayoni husukumwa kwa umeme ndani ya bomba lenye gesi, mara nyingi nitrojeni. Fikiria wabeba mizigo wawili Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Idi imekaribia. Mmoja ana mfuko wa saruji begani, mwenzake kitanda cha chuma, kilo 50 kila mmoja. Wa saruji anapenya. Wa kitanda kila hatua anamgonga mtu: "Samahani mama, samahani kaka." Chaji zikiwa sawa, ayoni iliyojikunja hutangulia na iliyotanuka huchelewa, kwa milisekunde chache au hata chini ya moja. Zikitoka hapo ndipo hupimwa tungamo.

Maumbo nayo huweza kukaribiana. Kwa hiyo tunapitisha pia kemikali halisi ya kulinganishia, gesi ileile, joto lilelile, kisha tunavunja ayoni na kukagua vipande. Hiyo ndiyo "kusubiri" kwenyewe.

Sampuli iletwe kwenye bahasha yenye lakiri isiyoguswa. Fomu iwe na saini ya aliyeichukua, aliyeisafirisha na anayeikabidhi, tarehe na saa kila saini. Bahasha ya kubana kwa stepla hatupokei, hata ukitoka mbali. Kuharibu ushahidi kwa makusudi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Msijaribu "kuchungulia kidogo".

Na wanaodai kitambaa cha ukaguzi uwanja wa ndege, kile cha kupangusa mikono kisha kuingizwa kwenye kifaa, "kimewasingizia": vifaa vingi vya aina ile husoma mwendo wa ayoni tu, bila tungamo. Losheni yenye gliserini inaweza kuvipigisha kelele. Ukiambiwa upanguswe tena, nyosha mkono.